Pima kasi ya molekuli za hewa kwa makofi na ukuta

Hewa ya chumbani, hata pasipo na upepo wala feni, haijatulia. Halijoto ikiwa nyuzi 27 za Selsiasi, molekuli zake zinakimbia kwa wastani wa mita 500 na ushei kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 1,800 kwa saa, mara mbili ya mwendo wa ndege kubwa ya abiria ikiwa angani. Wanafunzi huambiwa kwamba joto likizidi, kasi ya molekuli nayo huzidi; wakifika madarasa ya juu hupewa na kanuni yake, wakaikariri, wakaijibia mtihani, na baada ya mwezi imeshawatoka kichwani. Siwalaumu. Kitu ambacho hujawahi kukipima mwenyewe ni vigumu kukiamini, na namba kama hii lazima uiamini kwanza ndipo ikae.

Inapimika, tena bila maabara. Unahitaji ukuta mkubwa, uwanja ulio wazi, simu yenye saa ya kuhesabia sekunde, kipimajoto na mwenzako mmoja. Ukifanya kwa makini, jibu lako litakosea kwa asilimia moja au mbili tu.

Siri iko kwenye sauti. Ukipiga kofi, hewa iliyobanwa kati ya viganja inasukuma hewa ya jirani, nayo inasukuma ya mbele yake, mpaka ukutani na kurudi. Kinachopeleka msukumo huo ni migongano ya molekuli na hakuna kingine. Sauti haiwezi kuzipita molekuli zinazoibeba, na wala haiachwi nyuma sana: katika hewa ya kawaida kasi ya sauti ni mara 0.683 ya kasi ya wastani ya molekuli. Kwa hiyo ukipima sauti, umeipata molekuli.

Mahali pa kusimama

Tafuta ukuta mpana ulio peke yake: upande wa bwalo la shule, ghala la mazao, jengo la ghorofa, kanisa au msikiti mkubwa (baada ya kuomba ruhusa, na si wakati wa ibada). Mbele yake pawe wazi. Mahali penye majengo kushoto na kulia patakurudishia miangwi mitatu minne kwa mpigo na hutajua ufuate upi. Miti na nyasi hazina shida.

Pima mita 60 kutoka ukutani. Ukisogea mpaka mita 20, mwangwi unarudi haraka mno na sikio linauchanganya na kofi lenyewe. Ukienda mbali sana, unarudi umefifia. Kama hamna futikamba ndefu, chukueni kamba ya katani, ipimeni mita 10 kwa rula ya darasani, kisha muilaze mara sita kwenye mstari ulionyooka. Kamba ya nailoni inavutika, kwa hiyo iacheni. Rudieni kupima, maana kosa la mita moja hapa ni kosa la karibu asilimia mbili kwenye jibu la mwisho, na hakuna umakini wa baadaye utakaolifuta.

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla upepo haujaanza na kabla uwanja haujajaa watoto. Upepo wenyewe haupotoshi sana kipimo, kwa sababu unachoisaidia sauti ikienda unaipunguzia ikirudi. Ubaya wake ni kelele masikioni. Kipimajoto kiwekwe kivulini, kimo cha kifua, mbali na ukuta wa bati na lami. Kikiwekwa juani kitakupa joto la kipimajoto, si joto la hewa.

Mikono mitupu inatosha, lakini makofi hamsini makali yanauma, na kofi la mtu aliyechoka hupoteza ukali. Mimi napendelea vipande viwili vya mbao ngumu, kila kimoja urefu wa shibiri, vilivyopigwa randa upande mmoja. Vikigongana bapa kwa bapa hutoa sauti fupi na kali, na mwangwi wake unakuja safi.

Namna ya kupiga

Piga mara moja, kaa kimya, sikiliza. Mwangwi utafika baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Rudia mpaka sikio limezoea. Kisha anza kupiga mfululizo, ukirekebisha mwendo polepole hadi mwangwi uangukie katikati kabisa ya kofi na kofi. Fikiria kwaya: kofi lako ndilo kiongozi, mwangwi ndio kiitikio, na kimya cha kabla ya kiitikio kinalingana na kimya cha baada yake. Ukiharakisha, mwangwi utalisogelea kofi linalofuata. Ukichelewa, utabaki umeshikana na lililopita. Sikio ni jepesi mno kutambua kupishana huku, jepesi kuliko jicho, na mtu yeyote mwenye mazoea ya ngoma ataupata mdundo ndani ya nusu dakika.

Mwenzako asishike kitu kingine zaidi ya simu. Asubiri mpaka mdundo umetulia, kisha kofi moja likilia aseme “sifuri” na kuanzisha saa papo hapo. Kofi linalofuata ni “moja”, na kuendelea. Akifika “hamsini” anasimamisha. Anayepiga asiitazame saa hata kidogo. Akiitazama ataanza kuufukuza muda badala ya mwangwi.

Sasa hesabu. Mwangwi unaangukia katikati, kwa hiyo katika muda wa kofi moja hadi jingine sauti ingeweza kwenda ukutani na kurudi mara mbili. Hiyo ni safari nne za mita 60, yaani mita 240. Nafasi hamsini ni mita 12,000. Gawanya 12,000 kwa sekunde zilizoandikwa na saa, umepata kasi ya sauti. Siku ya nyuzi 27 saa inapaswa kusimama karibu na sekunde 34.6, na 12,000 kwa 34.6 ni mita 347 kwa sekunde.

Makosa mawili hutokea karibu kila darasa. La kwanza ni kuanza kuhesabu kwa “moja” badala ya “sifuri”. Hapo unapata nafasi 49 huku ukidhani ni 50, na jibu linapanda kwa mita saba hivi kwa sekunde. Saba inaonekana ndogo, lakini ni kubwa kuliko tofauti ya kasi ya sauti kati ya hewa ya nyuzi 15 na ya nyuzi 25, kwa hiyo itakumezea kitu chote unachotaka kukiona. La pili ni kuufanya mwangwi uangukie juu ya kofi badala ya katikati. Hili linajifichua lenyewe: jibu linakuja karibu 700. Usilitupe, ligawe kwa mbili.

Rudieni mara tano au zaidi, mkibadilishana mpigaji na mshika saa, kisha mtafute wastani. Mkiwa na jibu lisilowapendeza, liandikeni pia. Anayefuta majibu hadi yabaki yanayofanana na ya kitabuni hajapima kitu.

Kutoka kwenye sauti hadi molekuli

Gawanya kasi ya sauti kwa 0.683. Ukiwa na 347, unapata 508. Hiyo ndiyo kasi ya wastani ya molekuli za hewa iliyokuzunguka uwanjani, mita 508 kwa sekunde. Tuelewane kuhusu wastani huu: unachukua kasi ya kila molekuli, unaizidisha kwa yenyewe, unatafuta wastani wa majibu yote, kisha unatoa kipeuo cha pili. Molekuli hazikimbii sawa. Nyingine ziko polepole, nyingine zinapita mita 1,000 kwa sekunde, na kila mgongano unabadilisha nani yuko mbele. James Clerk Maxwell ndiye aliyeonyesha mwaka 1860 jinsi kasi hizo zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, na mwaka 1920 Otto Stern akazipima kasi za atomu za fedha moja kwa moja, kwa kuzirusha kwenye kifaa kilichokuwa kikizunguka mahali pasipo na hewa.

Mwanafunzi mzuri atauliza 0.683 imetoka wapi, na anastahili jibu. Isaac Newton, ambaye naye aliupima mwangwi kwenye baraza refu la Chuo cha Trinity, Cambridge, alikokotoa kasi ya sauti katika kitabu chake cha mwaka 1687 akapata jibu pungufu kwa karibu asilimia 15. Alichukulia kwamba hewa ikibanwa na sauti inabaki na joto lile lile. Mfaransa Pierre-Simon Laplace ndiye aliyeliona kosa, na maelezo yake yalitoka mwaka 1816: sauti inapita haraka kiasi kwamba hewa iliyobanwa haipati muda wa kupoa. Inapata joto kidogo, molekuli zake zinaongeza kasi, na msukumo unafika mapema zaidi. Kwa hewa, ambayo karibu yote ni nitrojeni na oksijeni, marekebisho hayo ni 1.4. Gawanya 1.4 kwa 3, toa kipeuo cha pili, ni 0.683.

Hilo la hewa kupata joto ikibanwa lihakikishe kwa pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma haraka mara kumi, kisha shika sehemu ya chini ya pampu. Ina moto. Msuguano wa ngozi ya ndani unachangia kidogo, lakini kazi kubwa inafanywa na pistoni: inaposogea mbele inazigonga molekuli zinazoijia, nazo zinaruka nyuma zikiwa na kasi zaidi ya zilizokuja nayo. Molekuli zenye kasi zaidi ndiyo hewa yenye joto zaidi. Sioni mahali pengine ambapo uhusiano huu unashikika kwa vidole namna hii, na ningemwomba kila mwalimu aanze na pampu kabla hajashika chaki.

Kanuni, na kipimajoto chenye sifuri ya kweli

Baada ya kupima, ndipo kanuni iletwe. Ninayoipenda ni hii: chukua halijoto kwa kelvini, igawe kwa uzito wa molekuli kama unavyosomeka kwenye jedwali la elementi, toa kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 158. Jibu ni mita kwa sekunde. Ile 158 ni kipeuo cha pili cha 3 mara 8.314 mara 1,000, na 8.314 ni namba ile ile ya gesi iliyomo kwenye kila kitabu cha kemia.

Ijaribu kwa hewa. Nyuzi 27 ni kelvini 300. Uzito wa wastani wa molekuli za hewa ni 29. Mia tatu kwa 29 ni 10.34, kipeuo chake 3.216, mara 158 ni 508. Namba uliyoipata kwa mbao mbili na ukuta imetoka tena kwenye karatasi, bila kupitia uwanjani. Mkifika hapa na darasa, nyamazeni kidogo mwaache wanafunzi wailinganishe wenyewe.

Mwaka 1857 Mjerumani Rudolf Clausius alichapisha hesabu kama hiyo kwa halijoto ya barafu inayoyeyuka: oksijeni mita 461 kwa sekunde, nitrojeni 492, haidrojeni 1,844. Weka kelvini 273 na uzito wa 32, wa 28 na wa 2 kwenye kanuni hii uone utakavyomkaribia.

Kelvini ndipo wengi wanapoangukia. Selsiasi imeweka sifuri yake pale maji yanapoganda, na molekuli za hewa hazijui habari za maji kuganda. Sifuri ya kweli iko nyuzi 273 chini ya hapo. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipendekeza mwaka 1848 kipimo kinachoanzia huko. Kabla ya hesabu yoyote ya gesi, jumlisha 273. Asiyefanya hivyo atasema nyuzi 40 ni joto mara mbili ya nyuzi 20, na atakosa yote yanayofuata. Kwa kelvini ni 313 na 293, tofauti isiyofika asilimia saba.

Jambo la pili ni kile kipeuo. Halijoto inapima nishati mwendo ya wastani ya molekuli, na nishati mwendo inakwenda na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Ukitaka kasi iwe mara mbili, halijoto iwe mara nne. Kutoka nyuzi 27 itabidi ufike kelvini 1,200, yaani nyuzi 927, joto la kuyeyusha alumini na kupita. Kinyume chake, kutoka asubuhi ya nyuzi 15 hadi alasiri ya nyuzi 32 molekuli zinaongeza kasi kwa asilimia tatu tu, kutoka mita 498 hadi 512. Asilimia tatu hiyo ndiyo inayokutoa sweta.

Kipeuo hicho kinaondoa pia dhana moja iliyoenea, kwamba kwenye milima mirefu hewa “imechoka”. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni kama nusu ya ile ya pwani. Ukikuta nyuzi 7 chini ya sifuri kileleni wakati Tanga kuna nyuzi 30, molekuli za kileleni ziko nyuma kwa asilimia sita tu. Mpandaji anahema kwa sababu zimekuwa chache, si kwa sababu zimekuwa goigoi. Kwa sababu hiyo hiyo kipimo chako cha makofi hakijali upo kimo gani. Kinajali halijoto peke yake, na unyevu kwa mbali: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa, kwa hiyo siku ya jasho pwani sauti inapata nyongeza ndogo, pungufu ya asilimia moja.

Gesi tofauti zikiwa na halijoto moja zina nishati mwendo ya wastani iliyo sawa, kwa hiyo nyepesi hukimbia zaidi. Kwa nyuzi 27 haidrojeni iko kwenye 1,934, heliamu 1,368, hewa ya ukaa 412. Wapambaji wa kumbi wanaujua upande mmoja wa jambo hili: puto la heliamu lililojazwa leo jioni linanywea kesho, wakati la hewa bado limesimama, maana atomu za heliamu ni ndogo, zina kasi, na mpira wa puto una vinjia. Zijazeni siku ile ile ya sherehe. Na msiruhusu watoto kuvuta heliamu kutoka kwenye mtungi ili wabadilishe sauti. Presha ya mtungi inaweza kupasua mapafu, na heliamu ikijaa kifuani inaifukuza oksijeni.

Kama zina kasi hivyo, mbona harufu inachelewa?

Swali hili aliliuliza Mholanzi Buys Ballot mwaka 1858, na lilimbana Clausius kweli kweli. Ukifungua chupa ya marashi pembeni ya ukumbi, kwa mita 500 kwa sekunde harufu ingefika upande wa pili kabla hujafumba jicho. Haifiki hivyo. Clausius alijibu kwamba molekuli haipati njia iliyonyooka. Leo tunajua vipimo: katika hewa ya kawaida molekuli haimalizi hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla haijagongana na nyingine na kubadilishwa mwelekeo, na hugongana karibu mara bilioni 7 kwa sekunde. Inakimbia sana na kufika mbali kidogo.

Hili lina maana kubwa jikoni. Gesi ya mitungi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani, yenye uzito wa 44, na butani, yenye 58. Zote ni nzito kuliko hewa. Molekuli za propani zina mita 412 kwa sekunde, na mtu aliyeishia hapo anaweza kudhani gesi ikivuja itatawanyika yenyewe haraka. Haitawanyiki. Inatambaa chini, inajikusanya sakafuni, chini ya kabati, kwenye kona na mifereji, na inaweza kukaa hapo muda mrefu ikisubiri cheche. Ukisikia harufu yake, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, na uanze na mlango, kwa sababu uwazi wake unaanzia sakafuni. Usiwashe taa wala kuizima, maana swichi hutoa cheche kote kuwili. Usiwashe kiberiti kutafuta mahali panapovuja. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata, penye mapovu yanayokua ndipo. Watoe watu nje na msubiri zaidi ya mnavyoona inatosha. Mtungi usiwekwe kwenye shimo au chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi.

Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, ni karibu yote methani, yenye uzito wa 16. Hii hupanda juu. Nyumba inayotumia gesi ya bomba inahitaji tundu la hewa karibu na dari. Ushauri wa gesi moja usiupeleke kwenye nyingine.

Kwenye tairi

Presha ya tairi si kitu zaidi ya molekuli zinazoupiga ukuta wake wa ndani. Zikienda kasi, zinapiga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Geji ya gereji inasoma sifuri wakati tairi bado lina hewa ya kawaida ya nje, kama paundi 14.7 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo lazima uiongeze kabla ya hesabu. Tairi lililojazwa 32 asubuhi kwa nyuzi 27 lina 46.7 za kweli. Safari ikilipasha hadi nyuzi 57, kelvini zimepanda kutoka 300 hadi 330, asilimia kumi. Inakuwa 51.4, na geji inasoma karibu 37. Dereva asiyejua anaona upepo umezidi, anautoa, kisha usiku tairi linapoa na kubaki na 28, laini kuliko linavyotakiwa. Pima upepo kabla ya safari, tairi likiwa baridi, na ukilikuta juu katikati ya njia liache.

Makofi kama kipimajoto

Ukishakuwa na mazoea, geuza kazi. Zidisha kasi ya sauti kwa yenyewe, gawanya kwa 401, umepata halijoto kwa kelvini. Kwa 340 unapata 288, yaani nyuzi 15. Uwe mwangalifu na imani yako: kosa la robo tatu ya sekunde katika makofi hamsini linaikosesha halijoto kwa zaidi ya nyuzi kumi, na hata theluthi moja ya sekunde inakula nyuzi tano. Dawa ni kupiga makofi mia mbili badala ya hamsini na kurudia siku hiyo hiyo.

Njia yenyewe ni ya heshima. Kelvini ilipopewa maana mpya tarehe 20 Mei 2019, namba iliyofungwa nayo ilitokana kwa sehemu kubwa na vipimo vya sauti ndani ya gesi. Maabara za Uingereza na Ufaransa zilijaza argoni au heliamu kwenye tufe la shaba na kusikiliza jinsi sauti inavyovuma ndani yake. Wao walikuwa na usahihi wa chini ya sehemu moja kwa milioni, lakini walichokuwa wakikitafuta ni kile kile: kasi ya sauti kwanza, kisha nishati ya molekuli.

Jaribio ambalo ningependa kuliona likifanyika ni la shule mbili zilizo mbali. Moja iwe Lushoto, Makete au Limuru, nyingine Tanga, Bagamoyo au Mombasa. Wapange siku moja ya mwezi Julai, asubuhi, mita 60, makofi hamsini, mara kumi kila shule, na kila mmoja aandike halijoto ya kivulini kabla ya kuanza. Kwa nyuzi 15 wategemee sekunde 35.3 hivi, kwa nyuzi 25 wategemee 34.7. Tofauti ni zaidi ya nusu sekunde. Kwa kipimo kimoja itapotea kwenye vidole vya mshika saa, kwa wastani wa vipimo kumi inaonekana. Watumiane majibu yote, yaliyopishana na yaliyolingana, na wasitajiane halijoto mpaka kila upande umekisia ya mwenzake kutokana na sekunde peke yake.